Penang kwa tumbo na kwa miguu: namna ya kula vibandani na kuingia msituni kwa siku nne

Watu wa Penang wakikutana huulizana "Dah makan?", yaani umeshakula? Ni salamu tu, hakuna anayesubiri jibu refu, lakini imebeba sura ya kisiwa chote. Penang iko kaskazini-magharibi mwa Malaysia. Kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba 293 hivi, na mji wake mkuu, George Town, umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Nyuma ya mji kuna milima yenye msitu mnene, na nyuma ya msitu kuna fukwe zisizofikika kwa gari. Kutoka meza ya chakula hadi mwanzo wa njia ya msituni ni mwendo wa basi wa saa moja na ushei.

Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilipanga siku zangu kwa orodha ya vivutio. Nikafika msituni saa sita mchana, radi ikaanza kunguruma. Nikarudi mjini saa kumi alasiri, vibanda vya asubuhi vimeshafunga na vya jioni havijawasha moto. Mara ya pili nilianza na saa za vibanda na saa za mvua, vivutio vikafuata nyuma, na kisiwa kikafunguka. Mwongozo huu umetokana na mara hiyo ya pili.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kukata tiketi

Miezi mikavu zaidi ni Desemba hadi Februari. Kuanzia Septemba hadi Novemba mvua hunyesha sana, na njia za msituni huwa utelezi mtupu.

Mvua peke yake haitoshi kukuamulia. Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari au baadaye kidogo, hufunga vibanda vingi vya Wachina kwa siku kadhaa, vingine kwa wiki nzima na zaidi. Ramadhani hufunga vya Waislamu mchana, ingawa alasiri hufunguliwa masoko ya futari ambayo mimi ningeyasafiria kwa makusudi. Mnamo Oktoba hivi, katika sikukuu ya siku tisa ya Miungu Tisa Wafalme, vibanda vingi vya Wachina hupandisha bendera za manjano. Ukiiona bendera hiyo, ujue humo hakuna nyama wala samaki. Anayetafuta doriani, lile tunda la harufu kali, aende Juni au Julai. Mimi ningechagua mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, baada ya kuangalia kwanza Ramadhani ya mwaka huo inaangukia wapi.

Nyaraka zisikuchoshe. Kadi ya kidijitali ya kuingia Malaysia hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, nayo ni ya bure, hivyo tovuti yoyote inayokudai pesa ikimbie. Ukitoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, beba cheti cha chanjo iliyochomwa angalau siku 10 kabla. Uwanja wa ndege uko Bayan Lepas, kusini mwa kisiwa. Kama unatokea Kuala Lumpur na huna haraka, panda treni hadi Butterworth kisha uvuke kwa kivuko. Kuuona mji ukikusogelea kutoka majini ni mwanzo mzuri kuliko foleni ya mizigo.

Hatua ya 2: Hesabu maneno uliyo nayo tayari

Mswahili anayeingia Penang ana bahati ambayo wageni wengi hawana. Kimalei kilichota maneno kwenye visima vilevile tulivyochota sisi, Kiarabu na Kireno. "Apa khabar?" ni habari gani. Meja ni meza. Waktu ni wakati, sabun ni sabuni, kertas ni karatasi, nanas ni nanasi. Bendera ni bendera ileile, bila herufi moja kubadilika. Mtego mkubwa ni mmoja: nasi ni wali. Ukiomba nasi huku moyoni unataka nazi, utaletewa sahani ya wali. Tui lao huitwa santan.

Ongeza maneno haya machache na utaishi vizuri. Tak nak pedas, sitaki pilipili. Kurang manis, punguza sukari, nalo ni neno utakalolihitaji kila siku kwa sababu vinywaji vyao ni vitamu sana. Kosong, tupu, yaani bila sukari kabisa. Bungkus, nifungie niondoke nacho. Berapa, bei gani. Kecil, kidogo, kwa ajili ya sahani ndogo.

Muuzaji usimwite kwa kidole. Mwanamke wa umri wa mama yako ni makcik, mwanamume wa rika hilo ni pakcik, dada ni kak, kaka ni abang. Kwenye vibanda vya Wachina watu wote husema anko na anti. Mtu aliyeitwa vizuri hukuonjesha mchuzi kabla hujalipa.

Hatua ya 3: Andika saa, kisha ingiza msitu katikati

Kibanda cha Penang aghalabu kina chakula kimoja na saa zake. Kuna cha saa moja asubuhi hadi saa tano, kuna cha mchana tu, na kuna kinachofunguliwa giza likiingia. Tena karibu kila kimoja kina siku yake ya mapumziko katikati ya wiki. Kwa hiyo chukua karatasi, andika vyakula vitano unavyotaka kwa dhati, na mbele ya kila kimoja andika siku na saa. Mwenye nyumba ya wageni atakusahihishia hiyo karatasi kwa furaha, na atabishana na jirani yake kuhusu nani anapika vizuri zaidi. Sikiliza ubishi huo mpaka mwisho, kwani humo ndimo zinamopatikana anwani.

Siku yangu ya kawaida ilikuwa hivi. Jua huko huchomoza baada ya saa moja asubuhi, basi saa moja nilikuwa mezani, saa mbili na nusu njiani kuelekea msituni, na saa saba mchana nimesharudi kwenye lami. Radi za alasiri zilinikuta chini ya paa. Nikipumzika hadi saa kumi na mbili, vibanda vya jioni vinakuwa vimewasha moto, na jua huzama kama saa moja na nusu.

Hatua ya 4: Ingia kopitiam kama mwenyeji

Kopitiam ni duka la kahawa la Kichina. Ni ukumbi ulio wazi upande wa barabara, wenye feni juu na meza za mviringo, na ndani yake kuna vibanda vitano au kumi vya watu tofauti waliokodi nafasi. Mgeni husimama katikati akisubiri kuonyeshwa pa kukaa, na hakuna atakayemwonyesha.

Tafuta meza kwanza. Ikiwa imejaa nusu, omba radhi na ukae na waliopo, ni jambo la kawaida. Soma namba ya meza. Nenda kwenye kibanda unachokitaka, taja chakula, taja namba, urudi ukae. Fanya hivyo kibanda kwa kibanda. Kinywaji huagizwa kwa mwenye duka atakayekujia mezani, na usimkatalie, kwa sababu hicho ndicho kipato chake. Baadhi ya kumbi hutoza nyongeza kwa asiyeagiza kinywaji. Kopi ni kahawa yenye maziwa mazito ya kopo, kopi o ni isiyo na maziwa. Kila chakula hulipwa kinapofika, kwa hiyo kaa na noti ndogo za ringgit mkononi. Sahani moja mara nyingi haifiki ringgit 15, na bakshishi haitarajiwi.

Ukiweza, simama kando ya kibanda cha char koay teow, tambi bapa za mchele zilizokaangwa, uangalie tu. Mpishi mzuri hupika sahani moja moja. Karai linafuka moshi kabla hajatia kitu. Anatia mafuta, vitunguu saumu, tambi na mchuzi wa soya, anazisukuma pembeni, anavunja yai mahali palipobaki wazi, kisha wanaingia uduvi, kombe na machipukizi ya maharage. Mwiko wa chuma haupumziki. Kwa dakika mbili au tatu hivi sahani iko tayari, imeshika ile harufu ya moto mkali wanayoiita wok hei, ambayo haiwezi kupatikana mtu akipika sahani sita kwa pamoja. Ndiyo maana foleni huenda polepole, na ndiyo maana inafaa kuisubiri.

Jimbo lenyewe linaulinda ujuzi huo. Tangu 2016 raia wa kigeni hawaruhusiwi kuwa wapishi wakuu wa vyakula kadhaa vya asili ya Penang vibandani. Nao wakaguzi wa migahawa wa Michelin walianza kutoa mwongozo unaojumuisha Penang mnamo Desemba 2022, wakavitaja na vibanda vya barabarani. Nafurahi kwa ajili ya wapishi hao. Kwa mlaji, ushauri wangu ni kwamba kibandiko cha Michelin ukutani ni dalili mojawapo tu. Dalili ninayoiamini zaidi ni wenyeji waliopanga foleni wakiwa na vyombo vyao vya nyumbani mkononi, maana hao wanapeleka chakula kwa wazazi wao.

Agiza kecil. Tumbo ni moja na vibanda ni vingi.

Hatua ya 5: Kwa anayekula halali

Penang ina Wamalei, Wachina na Wahindi, na vyakula vimepikwa jirani kwa jirani kwa zaidi ya miaka 200. Char koay teow ya Kichina mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe hata kama nyama haionekani, na tambi nyingi za mchuzi hutengenezwa kwa supu ya mifupa ya nguruwe. Tangazo la "bila nguruwe" halina maana sawa na halali, kwani kuku anaweza kuwa hakuchinjwa kisheria. Tafuta nembo ya JAKIM, idara ya maendeleo ya Kiislamu ya Malaysia, au kula kwa Wamalei na kwa mamak, yaani Waislamu wenye asili ya India. Karibu kila chakula maarufu kina toleo lake la halali, kikiwemo char koay teow, na hutakosa kitu cha maana. Eneo la karibu na msikiti wa Kapitan Keling, ulioanzishwa 1801, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hatua ya 6: Vitatu usivyoweza kuondoka bila kuvila

Cha kwanza ni nasi kandar. Kandar ni ule mti wa begani ambao wauzaji wa Kitamili waliubebea wali upande mmoja na mchuzi upande mwingine, wakipita bandarini. Leo unapanga foleni mbele ya masufuria. Unaonyesha kitoweo: samaki, ngisi, kuku, bamia. Kisha sema "campur", changanya, na mhudumu atachota kidogo kutoka kila mchuzi na kumwaga juu ya wali. Ukisema "banjir", mafuriko, wali utazama. Usiogope mchanganyiko huo, kwani utamu wa chakula hiki umo katika kukutana kwa michuzi. Uliza bei ya kamba wakubwa na mayai ya samaki kabla hujaonyesha, kwa sababu hivyo ndivyo hupandisha hesabu.

Cha pili, asam laksa. Asam ni ukali wa ukwaju. Ni supu ya vibua waliochemshwa wakapondwa, yenye ukwaju, nanasi, tango, nanaa na ua moja la jamii ya tangawizi linaloitwa bunga kantan. Juu yake huwekwa kijiko cha rojo jeusi la uduvi waliochachushwa. Koroga rojo hilo lote ndani kabla ya kuonja. Nililiacha pembeni bakuli la kwanza kwa sababu ya harufu, nikala supu kali tu isiyo na kina. La pili nilikoroga, nikaelewa.

Cha tatu ni cendol, kwa ajili ya saa nane mchana jua likikuelemea: barafu iliyosagwa, tui, maharage mekundu, vijiti laini vya kijani vyenye harufu ya majani ya pandani, na sukari nyeusi itokanayo na utomvu wa maua ya mnazi. Foleni maarufu iko kwenye kichochoro cha Lebuh Keng Kwee, kando ya barabara ya Penang. Watu hula wamesimama.

Kuhusu usalama wa tumbo: kula kinachotoka motoni mbele yako, na usinywe maji ya bomba bila kuyachemsha. Barafu ya vipande vya mviringo yenye tundu katikati imetengenezwa kiwandani.

Hatua ya 7: Bukit Bendera, asubuhi ya kwanza

Jina lake ni Mlima wa Bendera, na hutahitaji mkalimani. Kilele cha juu kabisa kina mita 833. Treni ya kuvutwa kwa waya wa chuma imepanda mlima huo tangu 1923, na juu kuna ubaridi wa nyuzi kadhaa kuliko mjini. Tangu 2021 eneo hilo ni hifadhi ya biosfia ya UNESCO, yaani ya viumbe na mazingira yao. Basi namba 204 hufika kituo cha chini. Weka nauli kamili, dereva hatoi chenji.

Wahi treni za mwanzo. Ifikapo saa nne, foleni hula muda ambao ungeutumia juu. Ukishuka kwenye treni, wengi hubaki kwenye vibanda vya zawadi, nawe tembea kama nusu saa mbali nao kwa barabara ya kivulini. Simama kimya ukiona matawi yanatikisika: kuna tumbili weusi wenye miduara myeupe kuzunguka macho, kana kwamba wamevaa miwani. Ni wapole na hula majani. Wale wa kahawia wenye mkia mrefu ni wengine kabisa, hunyang'anya mifuko, na kuwalisha ni kosa.

Mwenye magoti imara anaweza kushuka kwa miguu hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa 1884, kwa barabara nyembamba ya lami yenye urefu wa kilomita 5 hivi. Ni mwinuko mkali, vidole vya miguu vitagonga viatu njia nzima, lakini msitu wote ni wako.

Hatua ya 8: Taman Negara Pulau Pinang, siku nzima

Hii ndiyo sababu ya kuamka mapema. Hifadhi hii ya taifa, iliyotangazwa 2003, iko Teluk Bahang, mwisho wa njia ya basi namba 101. Getini unajiandikisha na kulipa kiingilio, hivyo beba pasipoti na pesa taslimu.

Njia zinagawanyika ndani. Moja hufuata pwani kwenda Teluk Duyung, ambayo wageni huiita Pwani ya Tumbili, na kupandisha hadi mnara wa taa wa Muka Head uliojengwa 1883. Nyingine hukata msitu kwenda Pantai Kerachut, mwendo wa saa moja na nusu wa mizizi na ngazi za udongo. Ukiwa na siku moja, chukua Kerachut. Ukikaribia pwani utavuka daraja juu ya ziwa la ajabu: maji matamu na maji ya chumvi yanakaa tabaka juu ya tabaka bila kuchanganyika, na la chumvi lililo chini ndilo lenye joto zaidi. Katika kipindi cha ukame ziwa hukauka, likabaki bonde la matope, kwa hiyo usimlaumu mtu. Kasa wa kijani hutaga mayai ufukweni hapo, na kuna kituo kidogo cha kuwahifadhi ambapo unaweza kuona vitoto vyao.

Usiogelee Kerachut. Mkondo wa chini ni mkali, na maji ya huko yana konyeza wanaowasha vibaya. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu, dawa ya mbu, na vitambaa vya kujifuta jasho. Chakula kifungwe ndani ya begi lenye zipu.

Kurudi unaweza kukodi boti hadi Teluk Bahang. Kubaliana bei ya boti nzima na saa ya kuchukuliwa kabla hujaingia msituni, piga picha ya namba ya boti, na ulipe nusu ya pili ukifika. Bahari ikichafuka boti haziji, hivyo usiache kuhesabu muda wa kurudi kwa miguu kabla ya giza. Namba ya dharura nchini humo ni 999.

Hatua ya 9: Balik Pulau, siku ya mwisho

Jina lina maana ya nyuma ya kisiwa. Upande huu una mashamba, na basi hukupeleka kwa barabara inayopanda na kushuka kati ya miti ya matunda. Wanauza maji ya kungumanga, yaliyokamuliwa kwenye nyama ya tunda ambayo kwingi hutupwa ili ibaki kokwa peke yake. Yana uchachu na uchungu kidogo, nami nayapenda kuliko soda yoyote.

Katika msimu wa doriani, nenda asubuhi. Wakulima husubiri tunda lidondoke lenyewe usiku, na lililodondoka usiku huo ndilo la kula leo. Usichague mwenyewe. Mwambie mkulima bajeti yako, umwombe aanze na aina ya upole kisha apande hadi ile yenye uchungu, maana ukianza na chungu ulimi hautasikia tena nyingine. Ang Heh ni aina ya huko yenye nyama ya rangi ya machungwa, laini kama siagi. Maliza palepale bandani, kwa sababu hoteli nyingi za mjini zina alama ya doriani iliyopigwa mstari mwekundu. Ukimaliza, mkulima atamimina maji ndani ya ganda tupu la tunda na kukuashiria unawe humo. Wenyeji huamini kwamba ganda lenyewe ndilo linaloondoa harufu mikononi. Nawa, kausha, halafu uwahi basi la kurudi mjini kabla mawingu ya alasiri hayajafunga mlima.